Matairi Laini Yaliyonivua Uzee wa Kanisa

Njia ya Lupembe,
S.L.P. ya Usharika,
Njombe.
Machi 21, 1994.

Kwa Bwana Mustapha,
Mwenye duka la vipuri vya baiskeli,
Lyamkena,
Makambako.

Bwana Mustapha,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATAIRI MAWILI, NA OMBI LA WEWE KUFIKA MBELE YA BARAZA LA WAZEE WA KANISA

Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza chenyewe, lakini kwa kuwa jambo hili limenifika shingoni, nitakieleza zaidi.

Nilianza kwa kuandika "Ndugu Mustapha", nikafuta. Undugu ulikuwa wa wakati wa duka la ushirika, tulipokuwa sote ndugu kwa sababu sote tulikosa sukari. Siku hizi za ruksa mwenye duka ni Bwana, na mimi si mtu wa kumpunguzia mtu cheo chake, hata kama yeye amenipunguzia changu. Naamini wewe na Mama Hajira mmemaliza mfungo salama na Idi ilikuwa njema. Hasira ya kuandika barua hii ninayo tangu mwezi wa pili, ila mke wangu Tabea alinizuia. Alisema si adabu kumpelekea mtu aliyefunga barua iliyojaa habari za kinywaji. Nikangoja mwezi uandame, huku kalamu naiangalia tu.

Nikukumbushe mimi ni nani. Mimi ni yule mzee mrefu mwenye koti la mvua la kijani, niliyekuja dukani kwako mwezi wa kwanza nikiwa na Abrahamu, mwenye baiskeli ya gia, hizi zilizoingia pamoja na mitumba na ambazo wenyewe wanaziita maunteni. Abrahamu ni baba wa watoto watatu, na kazi yake ni kubeba ulanzi, kinywaji chetu cha mwanzi, kwa baiskeli hiyo kutoka bondeni kwetu, dumu moja kila upande na jingine juu ya keria. Kwako tulinunua matairi mawili. Tangu siku hiyo mambo yamenigeuka: nimevuliwa uzee wa kanisa, binti yangu Yunis anafunga ndoa Jumamosi ya baada ya Pasaka, na imeamriwa kwamba si mimi nitakayempeleka madhabahuni. Atapelekwa na mdogo wangu, Kristofa. Hayo ndiyo matokeo ya bidhaa zako, na sasa nayapanga moja baada ya jingine ili tusichanganyikiwe.

1. KUNIACHA NICHAGUE

Bwana Mustapha, mimi nimekulia mahali ambapo tairi halichaguliwi. Enzi za kibali ulipeleka barua ya Katibu wa Kijiji, ukangoja. Kibali kikija, unaambiwa matairi yamekwisha. Ukirudi mwaka mwingine unapewa tairi moja na mche wa sabuni ambao hukuuomba. Tairi likikaa vizuri kwenye rimu, unamshukuru Mungu. Lisipokaa, unaanza kutafuta baiskeli inayolingana nalo. Shida zilikuwa nyingi, sikatai, lakini hakuna aliyekosea kuchagua kwa kuwa hakuna aliyechagua. Lawama zote zilikuwa za serikali, na mtu ulilala na dhamiri safi.

Wewe ukatusimamisha mbele ya ukuta mzima wa matairi. Yananing'inia kwenye misumari, mapana na membamba, meusi tii na yenye mistari myekundu, na juu yake umeandika kwa rangi ya bluu: MTEJA NI MFALME. Sasa mimi ufalme nimeupatia wapi? Mfalme hufundishwa tangu utotoni. Ulipaswa kunizoesha kidogo kidogo: mwaka huu unaniachia nichague spoki, mwakani kengele, na nikionekana nimekomaa ndipo tufike kwenye matairi.

Nakubali kwamba ulisema. Ulilishika lile lenye meno makubwa, ambalo mafundi wanaliita la kashata, ukaniambia, "Mzee wangu, huko kwenu masika ni tope tupu. Chukua hili, meno yake yanauma chini. Na upepo msijaze mpaka likakaza, liacheni lilegee kidogo lipate kushika." Maneno hayo uliyasema, Abrahamu ni shahidi, nami niliyakataa. Lakini angalia kosa lako lilipo: ulikubali nikatae. Nilitikisa kichwa mara moja tu, nawe ukaenda zako kumpimia mtu mwingine mnyororo. Muuzaji wa duka la ushirika asingefanya hivyo. Angenifokea, angenitupia lile la kashata kifuani, angefunga dirisha, na leo ningekuwa mzee wa kanisa.

Pengine utauliza kwa nini niliyataka yale laini yenye mstari mwekundu. Sababu ninayo. Mimi ni mkulima wa viazi na mahindi, na jembe ninalijua. Ukinunua jembe, unaligonga kwa ukucha usikie linavyolia, kisha unapitisha kiganja juu ya bapa lake. Likiwa laini, udongo mbichi hauling'ang'anii. Likiwa na makwaruzo, kila ukilima hatua mbili unasimama kulikwangua. Hivyo ndivyo baba yangu alivyonifundisha, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha Abrahamu palepale dukani kwako, watu wakisikia. Niliyagonga matairi yako yote. Yale ya kashata nilipoyapapasa niliona wazi kwamba kila jioni yatarudi nyumbani na nusu ya shamba. Yale laini yaliteleza kiganjani vizuri sana. Nikasema kwa sauti: haya hayatashika tope.

Na kweli, Bwana Mustapha, hayakushika tope hata kidogo. Wahenga walituonya kwamba mchagua jembe si mkulima, ila kuhusu mchagua tairi hawakuacha neno lolote, nadhani kwa sababu na wao walikuwa wakipewa kwa kibali.

2. TABIA YA MATAIRI HAYO

Hapo Makambako baiskeli mnaijaribia juu ya lami. Abrahamu aliendesha kidogo kwenye barabara kuu, akarudi anacheka meno yote nje, akasema, "Mzee, hii inaruka yenyewe." Lami yenu inadanganya watu. Mpaka Njombe mjini matairi yalitutii. Shida ilianza tulipoiacha lami na kuingia njia ya Lupembe, ambako mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unageuka sabuni, na huku kwetu masika mvua haiulizi kama umemaliza safari.

Gurudumu la nyuma lilitaka kutangulia la mbele. Abrahamu alinieleza kwamba kwenye mteremko wa kwenda mtoni, akikamata breki, magurudumu yanasimama lakini baiskeli inaendelea. Nilimjibu kwamba hiyo ni imani haba. Akanipakia kwenye keria nikaone mwenyewe. Niliona. Niliona pia shamba la njegere la balozi wetu wa nyumba kumi, kwa karibu sana, na mpaka leo balozi anadhani nilikwenda kuiba.

Kwenye mlima ni kinyume chake: gurudumu linazunguka palepale, linachimba shimo lake, na mwendeshaji anakanyaga pedeli kwa bidii bila kwenda popote. Kwa hiyo Abrahamu hushuka, hupeleka madumu juu kwa awamu, kisha hurudi kuibeba baiskeli begani. Watu wa bondeni wamekwisha zoea. Wanasema masika haya baiskeli imempanda Abrahamu kuliko Abrahamu alivyoipanda baiskeli. Mimi sicheki.

3. KUCHELEWA, NA MADHARA YAKE KIROHO

Hapa naomba uvumilivu wako. Najua kwa dini yako kinywaji hiki hukigusi, kwa hiyo nitakieleza taratibu, nawe usome kama mtu anayesoma habari za nchi ya mbali.

Ulanzi ni maji ya mwanzi. Masika mtu anakata ncha ya mwanzi mchanga, anaufungia kikombe cha mwanzi, na maji yanadondoka humo. Asubuhi yanakuwa matamu, nayo huitwa mtogwa. Mtogwa hunywewa na mtoto, mgonjwa, mama aliyejifungua na mwinjilisti. Yakikaa, yanachachuka yenyewe bila kutiwa kitu. Kufika jioni, hasa yakitikiswa ndani ya dumu, yamekuwa mkangafu, na mkangafu humfanya mtu aimbe nyimbo ambazo hakufundishwa.

Kwa sababu hiyo usharika wetu una desturi ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu anaijua. Ulanzi uliofika kabla ya kengele ya mchana ni chakula. Uliofika baada ya kengele ni dhambi. Ni mwanzi uleule, dumu lilelile, mbebaji yuleyule. Kinachotenganisha ni mwendo wa baiskeli tu.

Unaona sasa ulipokaa, Bwana Mustapha? Wewe uliye Lyamkena, ambaye hujalamba hata tone katika maisha yako, ndiye unayeamua Wakristo wa njia ya Lupembe watende dhambi saa ngapi. Sidhani kama uliwahi kulifikiria jambo hili ulipokuwa unapiga misumari ukutani.

4. SIKU YA WAKWE

Jumamosi moja ya mwezi wa pili nilipokea wakwe. Yunis amechumbiwa na kijana aitwaye Clemens, mtu wa Lupingu, wilaya ya Ludewa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nilipomwuliza kijana huyo Lupingu ni wapi, alisema unakwenda Ludewa, halafu unashuka. Nikamwuliza unashuka mpaka wapi. Akasema, "Mpaka maji, baba." Kijana mwenyewe sina neno naye. Anavua na baba yake, anaamkia watu vizuri, na viganja vyake ni vya mtu anayefanya kazi. Ningependa kumkuta na kasoro, lakini sijafanikiwa.

Wazee wake walikuja na kapu la dagaa na samaki wa kukaushwa, wale wanaoitwa mbasa. Walikuwa wamesafiri juu ya lori kwa muda mrefu hivi kwamba hata walipokaa sebuleni kwangu walikuwa bado wanashikilia viti, kama vile tutakata kona. Mchungaji alikuwapo, na wazee wenzangu wa kanisa, wote kwa makoti. Nilikuwa nimemwagiza Abrahamu alete mtogwa mapema, nami nikawaahidi wageni kinywaji kisicho na lawama.

Abrahamu alitoka bondeni alfajiri. Kengele ya mchana ililia hajaonekana. Mvua ikaja, ikapita, ikarudi, hajaonekana. Alipofika hatimaye alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi, na madumu yake yalikuwa yakinguruma. Tulipofungua la kwanza, kizibo kilikwenda chenyewe mpaka darini. Watu walikuwa na kiu, na mimi ndiye mwenye nyumba, ilinibidi nionyeshe mfano. Nilionyesha mfano mara nyingi.

Ya siku hiyo nayakumbuka vipande vipande, wala sijui kipi kilitangulia kipi. Kipande kinachonitesa ni sala ya chakula. Inasemekana, na Tabea anathibitisha, kwamba nilisimama nikafumba macho nikaomba hivi:

Ee Bwana, tunakushukuru kwa samaki hawa, ingawa wametoka mbali mno. Ziwa uliliumba wewe, nasi hatukulaumu, lakini ungeliweka karibu na Makambako kungekuwa na shida gani? Uwasamehe wenzetu hawa kwa kuishi huko chini bila sababu. Ulibariki lori lililowaleta, na ikikupendeza liharibike, likose vipuri mpaka watu wasahau lilikuwa linakwenda wapi. Na kama mlima ule unaweza kuporomoka ukaifunga njia bila kumwumiza mtu, Bwana, uporomoke. Amina.

Wakwe waliitikia Amina kwa mazoea, kisha wakafumbua macho. Mchungaji hakuitikia. Baadaye niliimba besi peke yangu katika wimbo ambao hakuna aliyeuanzisha, na nikamshika baba yake Clemens mkono nikimwomba aniahidi kwamba lile ziwa litakauka. Mzee wa watu, kwa upole wake, alisema atajaribu.

5. HUKUMU

Baraza la Wazee lilikaa bila mimi, mara ya kwanza tangu nichaguliwe. Uamuzi wao ulikuwa mfupi: kwa mwenendo usiomfaa mzee wa kanisa siku ya kupokea wakwe, Anania awekwe kando mpaka Pentekoste, asisimame mbele ya usharika kwa jambo lolote. Ulanzi haukutajwa, nadhani kwa kunistahi.

Pentekoste ni baada ya harusi. Nilikwenda kwa Mchungaji nikamwuliza kama kumpeleka binti yako madhabahuni nako ni kusimama mbele ya usharika. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Mzee Anania, madhabahu yenyewe iko mbele." Nikarudi nyumbani kwa mguu kwenye mvua na koti nikalisahau kwake.

Hapa sitanii, Bwana Mustapha. Yunis ni mwanangu wa mwisho, na wa kike ni huyo peke yake. Baiskeli nilimfundisha mwenyewe, nikikimbia nyuma yake nimeshika kiti, na siku niliyoachia bila kumwambia alikwenda mpaka kwenye mkaratusi wa shule ndipo akageuka kuona kama nipo. Ile njia ya kutoka mlango wa kanisa mpaka madhabahuni ni fupi, lakini ndiyo pekee niliyobakiwa nayo ya kutembea naye kabla hajashuka huko kwenye maji. Sasa na hiyo nimenyang'anywa. Inaniuma sana, na sioni haya kukuandikia hivyo.

6. KRISTOFA

Mdogo wangu Kristofa hunywa mkangafu mchana kweupe, na akimaliza huuliza kama upo mwingine. Lakini kwa kuwa hajawahi kuwa mzee wa kanisa, hakuna cheo cha kumvua, na hivyo anaonekana safi kuliko mimi. Amekwisha azima suti. Kila jioni anafanya mazoezi ya mwendo barazani kwake, ameshika mchi wa kutwangia badala ya Yunis, na watu wanakuja kumtazama. Wiki iliyopita alinijia kwa unyenyekevu kuniuliza aanze na mguu upi. Nilimwambia aanze na miguu yote miwili, na Mungu anisamehe.

7. MADHARA KWA TAIFA

Usidhani hili ni langu peke yangu. Kwaya yetu imebaki bila besi, na sauti ya tatu inazama kila Jumapili kwa kukosa mahali pa kukanyaga. Balozi hanisalimii kwa sababu ya njegere. Watu wa Lupingu nao wamerudi kwao na habari kwamba sisi Wabena huomba malori ya wageni yaharibike. Habari hiyo itasafiri kwa boti kijiji hadi kijiji, na ng'ambo ya ziwa, kama ujuavyo, ni nchi za watu. Taifa hili lilijengwa kwa shida, makabila mengi na lugha moja, na limekuja kuchafuliwa na matairi mawili yenye mstari mwekundu. Kama huu ndio uchumi huria, basi naomba nionyeshwe uhuru wenyewe uko upande gani.

MAOMBI YANGU

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba yafuatayo, na naomba kwa heshima.

(a) Ufike mbele ya Baraza la Wazee Jumapili hii ya Matawi, baada ya ibada, ukiwa na lile tairi la kashata mkononi kama kielelezo. Useme wazi kwamba uliniachia nichague, na kwamba mlevi hapa ni tairi, si Anania. Najua wewe ni Mwislamu, na hilo ni zuri zaidi, maana hakuna atakayesema umetumwa na kwaya. Kuhusu chakula usiwe na shaka. Tabea atapika, na kuku atachinjwa na mtu wenu wa pale Njombe sokoni, nimekwisha zungumza naye.

(b) Kila tairi laini uliandike kwa rangi isiyofutika: HALIFAI KWA WAZEE WA KANISA WAKATI WA MASIKA.

(c) Ufute MTEJA NI MFALME, uandike MTEJA ASIKILIZE.

(d) Tushirikiane, wewe kama mfanyabiashara na mimi kama mwathirika, kuiomba serikali irudishe kibali, walau kwa matairi na kwa wachumba. Mchumba anayetoka zaidi ya mwendo wa siku moja aonyeshe barua ya Katibu wa Kijiji chake na kibali cha Mkoa, kisha aambiwe wamekwisha, arudi mwakani.

(e) Ikishindikana hiyo, serikali iharakishe yale makaa ya mawe ya Mchuchuma tunayoahidiwa kila mwaka. Makaa yenyewe siyahitaji, kuni ninazo. Ila wanasema yakichimbwa italetwa barabara nzuri huko Ludewa, na mtu atakwenda na kurudi kama binadamu.

Natumaini hutanilazimisha kwenda mbele zaidi. Mimi ni mtu wa amani, na lengo langu si kukuharibia biashara bali kumrudisha baba mahali pake siku ya harusi ya mwanawe.

Nisalimie Mama Hajira, aliyenipa kiti siku ile aliponiona nimechoka kuchagua. Nisalimie fundi wako, yeye sina lawama naye, alikifunga vizuri kitu kibaya. Wasalimie wa mashine ya kusaga hapo jirani, wa stendi wote wanaonifahamu, na hata wale wasionifahamu. Tabea anakusalimu. Yunis anakusalimu. Abrahamu angekusalimu pia, lakini hajafika.

Ndimi wako katika masikitiko na utelezi,

Anania
(aliyekuwa Mzee wa Kanisa, na besi)

Nakala:
Mkuu wa Wilaya, kwa taarifa.
Baba Askofu, kwa maombi.
Ofisi ya Hali ya Hewa, wajitetee.

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Barua hii imechelewa kwenda posta kwa sababu nilimpa Yunis aikague herufi, yeye ndiye aliyefika kidato cha nne. Alicheka peke yake mpaka kipengele cha nne, kisha akairudia ile sala tangu mwanzo. Akaniuliza, "Baba, humu ndani nani anakunywa kabla ya sala?" Nikamjibu hakuna. Tangu enzi za babu yangu, nyumbani kwetu hata maji hayaguswi kabla ya Amina. Akasema, "Sasa wewe ulikunywa saa ngapi?"

Tabea, aliyekuwa anamenya viazi, akasema bila hata kugeuka kwamba Abrahamu alifika watu wamekwisha kula, wamenawa, na sahani zimetolewa. Kunywa nilikunywa, tena sana, lakini ni baada ya kuuona uso wa Mchungaji. Ile sala niliiomba nikiwa mkavu kabisa, sijagusa hata tone la maji. Kumbe kila mtu alijua isipokuwa mimi.

Basi matairi yako hayana hatia, Bwana Mustapha. Usije, kuku tutamla wenyewe, na ukuta wako uuache ulivyo. Maneno yale yalikuwa yangu. Sitaki mwanangu aende mbali, ndiyo habari yote, na nimezunguka karatasi nzima kuikwepa. Yunis alilia kidogo. Halafu akasema kwamba kama ningemwombea safari njema bila kigugumizi, angedhani nafurahi aondoke.

Nina ombi moja tu sasa. Ile baiskeli yangu nyeusi ya zamani nimeitoa ghalani. Wanasema masika magari hayashuki Lupingu, lakini baiskeli inashuka. Nitumie matairi mawili kwa basi, uchague wewe, mimi sitagonga wala sitapapasa. Kwa kwenda sina wasiwasi, kutoka Ludewa ni mteremko mtupu, hata matairi yenye kipara yatanifikisha kwake. Ninachoogopa ni kuupanda tena mlima ule nikiwa nimemwacha. Kwa hiyo nitafutie yenye meno.